Hata Sukari Ilinenepa

Kama kuna mtu aliyekuwa hapendwi sokoni na bado akaamkiwa na kila mtu, ni mkaguzi wa mizani. Walimwita Bwana Gramu, kwa kunong'ona alipokuwa anakuja na kwa sauti alipokwisha kupita. Alitembea na sanduku la mbao lenye mawe yake ya shaba, kila jiwe limelala kwenye shimo lake la kitambaa chekundu, na akilitua sanduku hilo mbele ya meza ya mtu, mwenye meza alitokwa jasho hata kama hana kosa. Soda ya mtu hakuinywa. Chungwa la mtu hakulionja. Mfanyabiashara mmoja aliwahi kumwazima kalamu yake ilipokwisha wino, akaitumia, akairudisha, akashukuru, kisha akamfungia mizani.

Nyumbani mambo yalikuwa vivyo hivyo. Akisema kilo, ni kilo. Majirani walionunua nyama kwa kuchangishana na kushindwa kugawana walimwita yeye. Alipima, akatamka, ugomvi ukaisha. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwuliza, "Kweli?" Alijivunia jambo hilo kuliko mshahara wake, na ungeuona mshahara wenyewe ungeelewa kwa nini.

Kisha akazaliwa mtoto.

Alikuwa mtoto mzuri, wa kiume, mwenye masikio ya baba yake na sauti ya bibi yake mzaa mama, na kazi yake kubwa hapa duniani ilikuwa kucheua. Alinyonya kwa pupa, akapigwapigwa mgongoni, akabeua kama mzee aliyetoka karamuni, na kabla hujamaliza kumsifu maziwa yakarudi yote njia ile ile: begani, kifuani, kwenye shuka, kwenye kiatu cha mgeni. Alicheua huku akicheka. Alicheua akiwa usingizini, bila hata kujisumbua kuamka. Kamba ya nguo ya nyumba ile ilisahau maana ya kupumzika.

Baba mtu hakuona tatizo, maana shati lake la kazi alilitundika mlangoni, mbali na hatari. Lakini mkewe, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa likizo ya uzazi, aliona kila tone linalorudi kuwa ni tone lililoibiwa.

"Anaingiza kidogo, anatoa kingi," alisema, ameshika kitambaa kilicholowa. "Huyu mtoto anaishi kwa kitu gani?"

"Kikimwagika kinaonekana kingi," alisema mumewe. "Kijiko kimoja cha maziwa kinaweza kutapakaa shuka nzima."

"Wewe umepima?"

Hakuwa amepima, na kwa mtu wa kazi yake hiyo ilikuwa aibu.

Mambo yaliharibika zaidi alipofika mama mkwe. Huyo alikuwa mama aliyekula chumvi nyingi, mwenye upendo usiokuwa na breki. Alimshika mjukuu wake kwapani, akamnyanyua juu, akamtazama kama mtu anayetazama kuku wa kununua, akatikisa kichwa.

"Maziwa yako mepesi," alimwambia binti yake. "Mimi wewe nilikukuza kwa uji, tena mzito, tangu hujajua kushika shingo. Na jitazame ulivyo."

"Mama, nesi amesema maziwa tu, mpaka afike miezi sita."

"Nesi amezaa wangapi?" Kisha akamgeukia mkwe wake kwa sauti ya asali. "Mkwe wangu, nimefikiria. Nitawachukua wote wawili niende nao kwangu. Mtoto atakula, mama yake atalala, na wewe utapumzika. Wakinenepa nitawarudisha."

Bwana Gramu aliipima kauli hiyo na kuona kila kilichokuwa ndani yake: uji kwenye tumbo la mtoto wa miezi miwili, nyumba tupu, na "nitawarudisha" isiyokuwa na tarehe. Alimtazama mkewe amsaidie, lakini mkewe macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na mtu aliyekosa usingizi kiasi hicho hukubali chochote chenye neno "atalala" ndani yake.

"Tusubiri kliniki," mkewe alisema mwishowe. "Ikionekana haongezeki, naondoka na mama."

Basi mkaguzi akaona jambo ni jepesi. Shida ni uzito, na uzito ni fani yake. Kesho yake aliingia stoo ya ofisi, mahali zilipolundikwa mizani zilizokamatwa zikisubiri kuvunjwa, na yeye aliyewahi kurudisha kalamu ya watu ikiwa bado ina joto la mkono akaazima mizani moja bila kumwambia mtu.

Ilikuwa mizani ya mezani, yenye sinia pana na uso wa duara kama saa. Aliikamata kwa muuza samaki. Chini ya sinia kulikuwa na skrubu ndogo ambayo haikuwekwa na kiwanda. Mizani ikiwa tupu, mshale ulisimama kwenye sifuri kwa adabu. Ukiweka kitu, ulipanda kupita haki yake, kidogo au sana, kutegemea umeizungusha vipi ile skrubu. Siku ya kumkamata, muuza samaki hakukana. Alijitetea tu.

"Bwana Mkaguzi, mteja akiona mshale umepanda, roho yake inatulia. Mimi nauza samaki na utulivu humo humo."

"Utulivu uza kwa bei yake," Bwana Gramu alimjibu mbele ya watu. "Samaki uza kwa uzito wake." Watu walicheka, na yeye alilikumbuka jibu hilo kwa furaha wiki nzima.

Sasa alirudisha ile skrubu mahali pa haki, akaiosha mizani kwa sabuni na ndimu mpaka harufu ya samaki ikabaki ya kukisia tu, akaiweka juu ya meza ya chumbani. Mkewe alishangilia. Mtoto alivuliwa, akalazwa kwenye sinia, mshale ukapanda, baba mtu akatamka, na nyumba ikatulia.

Ilitulia mpaka mchana. Mwalimu yule aligundua kwamba kitu kinachoweza kupimwa mara moja kinaweza kupimwa mara nyingi. Alimpima mtoto kabla ya kunyonya na baada ya kunyonya. Alimpima kabla ya kucheua na baada ya kucheua, ili ajue kimepotea nini. Mumewe alimweleza kwamba mizani ya samaki haina macho ya kuona funda la maziwa, kwamba mshale wake unaweza kuyumba kwa teke la mtoto tu, lakini alikuwa anaongea na mtu ambaye hajalala. Mtoto aliyekuwa amesinzia alinyanyuliwa, akavuliwa, akalazwa kwenye bati la baridi, akapiga kelele, akanyonyeshwa ili anyamaze, akanyonya kupita kiasi, akacheua, akapimwa tena ili ijulikane amebakiwa na nini. Ndipo kila mtu akauliza kwa mshangao kwa nini mtoto huyu halali.

Hakuna aliyelala nyumba ile. Mama mkwe aliziba masikio kwa pamba na kutangaza kwamba hayo yote yanaletwa na maziwa mepesi. Bwana Gramu alikwenda kazini akiyumba. Siku moja alipiga lakiri, ule muhuri wa ukaguzi, kwenye mizani ya muuza vitunguu, akaifuta vizuri, kisha akaiambia, "Usiku mwema." Ilikuwa saa nne asubuhi.

Jumamosi moja mshale ulisoma pungufu kuliko siku ya nyuma yake. Kidogo tu, upana wa kijiti cha kiberiti. Mkaguzi alijua kabisa kwamba upungufu kama huo unaweza kuletwa na haja ndogo ya mtoto, na alikuwa anafungua mdomo kusema hivyo. Mkewe hakungoja. Aliketi sakafuni pale pale alipokuwa amesimama, nepi mkononi, akalia bila kujificha, jinsi mtoto alivyokuwa analia juu ya meza.

"Namuua," alisema. "Namuua mwanangu kwa njaa na mimi nipo."

"Hapana, mke wangu. Sikiliza..."

"Umesoma mwenyewe! Wewe ndiye uliyesoma!"

Kisha akainuka, akavuta begi kutoka uvunguni, akaanza kupanga nguo za mtoto ndani yake, moja moja, zimekunjwa vizuri. Mlangoni mama mkwe alisimama na pamba zake masikioni, akitikisa kichwa kwa huruma iliyochanganyika na ushindi.

Mchana ule, wote walipokuwa ukumbini wakijadili safari, Bwana Gramu aliingia chumbani. Alipitisha mkono chini ya sinia. Hakuangalia anachokifanya, alipapasa tu, uso ameugeuzia ukutani, akazungusha skrubu kidogo kwa ukingo wa sarafu. Alikuwa amewafungia mizani watu kwa kosa dogo kuliko hilo.

"Tumpime mara moja tu kabla hamjaondoka," aliwaambia. "Asubuhi alikuwa anarusha miguu."

Wakampima. Mshale ukapanda. Mkewe aliutazama, akamtazama mumewe. "Soma," alisema.

Akasoma. Sauti haikutetemeka hata kidogo, na jambo hilo lilimtisha kuliko kosa lenyewe.

Mkewe hakuuliza kama ni kweli. Nani angeuliza? Alicheka, akajifuta machozi, akalisukuma begi uvunguni kwa mguu, akajilaza kitandani na mtoto akiwa chali pembeni yake, na wakalala wote wawili mchana mzima kama magunia. Kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwamsha ampime, mtoto alilala. Kwa kuwa mama alilala, maziwa yalikuja kwa utulivu, na mtoto akanyonya kwa utulivu, akabebwa wima kidogo kama nesi alivyoagiza, akacheua kidogo kuliko jana. Bwana Gramu alisimama mlangoni akiwatazama, akaona kwamba uongo mmoja mdogo umefanya kazi ambayo ukweli wote aliokuwa nao haukuweza. Hilo lilimuudhi sana.

Siku ile ile alitoa amri ya kitaalamu kwamba kupima ni Jumamosi tu. Mkewe alikubali bila neno. Mama mkwe alinuna, akasema atakaa mpaka siku ya kliniki aone mwisho wa filamu.

Ukishasema uongo wa mizani huwezi kuusema mara moja. Mtoto akipanda Jumamosi hii, Jumamosi ijayo lazima apande tena. Kwa hiyo kila wiki, kabla ya kupima, Bwana Gramu aliingia chumbani kana kwamba anatafuta soksi, akapapasa chini ya sinia, akazungusha skrubu kiasi kile kile, wala si zaidi. Hata katika udanganyifu alikuwa mwadilifu. Kisha alikwenda kuchukua taulo la mtoto kwenye kamba, akarudi, mkewe akamlaza mtoto, na yeye akasoma. Mshale ulikuwa unapanda vizuri. Kila ulivyopanda, alizidi kuuogopa, kwa sababu alijua sehemu ya kupanda kule ni ya skrubu, ila hakujua tena ni sehemu ipi. Mawe yake ya shaba yalikuwa humo humo ndani, kwenye sanduku, hatua chache kutoka mezani. Angeyaweka kwenye sinia angejua ukweli mara moja. Hakuthubutu.

Na hapa ndipo utaalamu ulipompofusha. Mtoto alikuwa amejaa mashavu mpaka macho yakawa madogo. Jirani alimbeba akasema, "Mh, huyu jamani kashiba!" Bwana Gramu akajua ni heshima za majirani tu. Kwenye mapaja ya mtoto ilitokea mikunjo, mmoja, kisha mwingine juu yake, na baba mtu, akiitazama kwa huzuni, alidhani ni ngozi iliyobaki baada ya mwili kukonda. Kwa miaka yote alikuwa amewafundisha wafanyabiashara kwamba macho hudanganya na mkono hudanganya, kinachosema kweli ni mizani. Sasa mizani yake ilikuwa ya uongo, na yeye hakuwa na kingine cha kuamini.

Siku ya kliniki ikawa inakaribia. Aliiona picha yote akiwa ameamka: mtoto ananing'inizwa, mshale unasema uzito mdogo kuliko wa nyumbani, mkewe anashika kichwa, mama mkwe anabeba begi. Kisha mkewe anageuka, taratibu, na kumtazama yeye. Hapo ndipo picha ilipokuwa inakatika, maana hakuweza kuitazama zaidi.

Alianza kusema maneno ya ajabu ajabu mezani. Kwamba kliniki kuna mafua. Kwamba mizani za kliniki nyingi hazijakaguliwa. Alipolisema hilo la pili, kijiko chake kilisimama hewani.

Wiki moja kabla ya siku, alifika kliniki na sanduku lake.

"Hatimaye!" alisema nesi, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Tumewaita tangu mwaka juzi. Nilidhani mmehama nchi."

Mizani yenyewe ilikuwa ya kuning'inia, imefungwa kwenye boriti, na chini yake kisuruali cha turubai cha kuwatia watoto. Bwana Gramu aliyaweka mawe yake ya shaba ndani ya kisuruali, yakabembea pale kwa adabu, bila kulia wala kucheua. Akasoma. Akatoa, akaongeza, akasoma tena. Mizani ya kliniki ilikuwa sahihi. Miaka yote bila kukaguliwa, inapigwa mateke kila siku na watoto wa watu, na ilikuwa sahihi kama siku ilipozaliwa.

Nesi alitoka kwenda kuita mtu. Bwana Gramu alibaki na bisibisi mkononi. Alikijua kile kiskrubu kilipo, pale nyuma ya uso wa mizani. Robo mzunguko, na wiki ijayo mkewe angetabasamu. Angekuja kuirekebisha baadaye, alijiambia. Angekuja hata kesho yake. Akainua mkono.

"Baba, utamaliza sasa hivi?"

Alikuwa mama kijana kwenye benchi, na mtoto ndani ya khanga, mtoto mdogo mno mwenye macho makubwa. "Si nakuharakisha," aliongeza. "Ila wangu mara ya mwisho alikuwa amepungua. Wamenipa dawa. Nataka nijue tu kama amepanda, maana nisipojua silali."

Bwana Gramu alimtazama yule mtoto. Alishusha mkono, akatoa koleo lake la lakiri, akaibana risasi mpya ya muhuri kwenye waya wa mizani kwa nguvu mpaka vidole vikawa vyeupe. Sasa hata yeye mwenyewe asingeweza kuigusa bila kuivunja lakiri yake.

"Tayari, mama," alisema. "Hii itakuambia ukweli."

Alisubiri mpaka mtoto yule akapimwa. Alikuwa amepanda. Mkaguzi alitoka nje akasimama nyuma ya jengo peke yake kwa muda, akijifanya anafunga sanduku.

Siku ilipofika walikwenda wote wanne. Mama mkwe alikuja na lile begi, limejaa, amelipakata magotini kama mtoto wa pili. Benchi lilikuwa limejaa akina mama. Nesi alimvua mtoto, akamtia kwenye kisuruali, akamwachia. Bwana Gramu alifumba macho.

"Mashallah!" alisema nesi. "Huyu mmemlisha mawe?"

Akasoma uzito. Bwana Gramu alifumbua macho, akautazama mshale, akasogea, akautazama kwa upande ili asipotoshwe na kivuli. Ulikuwa uzito ule ule wa Jumamosi. Haukupungua hata upana wa kijiti cha kiberiti. Alijaribu kupiga hesabu kichwani ikakataa, akajaribu tena ikakataa zaidi.

"Lakini anacheua sana, nesi," alisema mama mkwe.

"Ananyonya, anaongezeka, anacheka, analia kwa nguvu zake zote. Hana homa, hatapiki kwa kurusha. Anacheua kwa sababu ni mtoto. Hapa mnachohitaji ni sabuni, mama, si dawa. Wala si uji," aliongeza, maana alikuwa mzoefu wa sura za mabibi.

Mama mkwe hakuzoea kushindwa mbele ya watu. Macho yake yalizunguka mizani, yakatua kwenye risasi iliyong'aa.

"Hii lakiri ni mpya. Nani kaipiga?"

"Mkaguzi mwenyewe," nesi alisema, akimwonyesha Bwana Gramu. "Alikuja wiki iliyopita."

"Ahaa!" Mama mkwe alisimama, begi likaanguka. "Basi hapo tu! Kaja kaichezea! Mkwe wangu, nakupenda, lakini umeichezea mizani ya watoto ili mke wako asiondoke!"

Akina mama wote kwenye benchi waliinua nyuso, na kila mmoja alimshika mtoto wake kidogo zaidi. Bwana Gramu alitaka kusema kwamba ile hakuichezea, ile ilikuwa safi. Lakini neno "ile" lilikuwa na mwenzake nyumbani.

Ni mkewe aliyesema. Alimchukua mtoto kutoka kwenye kisuruali, akamweka begani, akageuka, akamtazama mumewe usoni, moja kwa moja, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama," alisema, "mume wangu hachezei mizani."

Hakuna aliyebisha. Nesi aliita mtoto mwingine. Na Bwana Gramu, aliyevumilia matusi ya soko zima bila kupepesa, aliinamishwa macho na sentensi moja ya kumsifu.

Jioni ile mama mkwe aliondoka kurudi kwake, amenuna nusu, nusu amefurahi kwamba mjukuu wake ni mnene kuliko wa jirani. Aliacha begi. Mkewe alisubiri mpaka mlango ukafungwa. Kisha akaibeba mizani kutoka chumbani kwa mkono mmoja, mtoto begani kwa mwingine, akaitua juu ya meza ya jikoni. Pembeni yake akaweka pakiti ya sukari.

"Kaa," alisema.

Akakaa.

"Ile wiki niliyosukuma begi uvunguni, jirani alikuja kuazima nusu kilo ya sukari. Nikasema, ya nini kukisia, na ndani tuna mizani ya mtaalamu? Nikaweka kwanza pakiti nzima ya kilo, haijafunguliwa." Akamtazama. "Unajua niliona nini?"

Alijua. Alitazama mikono yake.

"Hata sukari ilikuwa imenenepa," mkewe alisema.

Mtoto alibeua. Hakuna aliyempongeza.

"Nikaigeuza chini juu. Nikakuta skrubu, na mikwaruzo mipya. Nikaizungusha mpaka kilo ikawa kilo. Halafu nikamweka mtoto."

"Alikuwa na ngapi?"

"Sasa ndiyo unauliza." Sauti yake haikupanda, na afadhali ingepanda. "Alikuwa ameongezeka. Kweli, kwa maziwa yangu haya haya mepesi. Uongo wako ulikuwa mdogo kuliko mtoto wako. Na kila Jumamosi, wewe ukishapapasa ukaenda kuchukua taulo, mimi niliirudisha."

Bwana Gramu aliutazama mshale uliolala kwenye sifuri. Wiki zote zile alizokesha akihesabu dhambi, alikuwa anasoma ukweli mtupu kwa sauti yake mwenyewe, na hakuutambua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mwanzoni nilitaka kukupiga na hiyo pakiti. Halafu nikasema, ngoja, ataniambia mwenyewe. Mtu aliyewafungia watu biashara kwa gramu chache hawezi kulala na jambo hili. Kila Jumamosi nilikungoja. Unasoma, unakunja taulo, unaondoka. Hata asubuhi hii nilikungoja, mpaka mlangoni pa kliniki."

"Nilitaka ulale," alisema. "Ulikuwa unalia pale sakafuni. Nilitaka roho yako itulie." Na hapo hapo alimsikia muuza samaki, neno kwa neno, akatamani meza immeze.

"Najua," mkewe alisema. "Nililala. Nakushukuru kwa usingizi."

"Na leo ukanitetea mbele ya watu."

"Sikukutetea wewe. Nilitetea kilo za mwanangu. Wewe ukiitwa mwongo pale, nani angeuamini ule mshale? Angebaki mtoto mnene asiye na ushahidi." Alimhamisha mtoto bega la pili. "Begi liko uvunguni. Bado sijatoa vitu. Leta sanduku lako."

Alilileta. Alizungusha skrubu mpaka ikatoka, akaitia mfukoni, akaweka mawe ya shaba kwenye sinia moja baada ya jingine, akayaondoa. Mizani ilikuwa sahihi. Mkewe akaweka pakiti ya sukari.

"Soma."

"Kilo moja."

"Kweli?"

Hakulijua jibu la swali hilo, hakuwahi kulihitaji. Mkewe naye hakulisubiri. Aliinama juu ya meza, mtoto begani, akasogeza uso mpaka karibu na mshale, akausoma mwenyewe, polepole, kama mtu anayenunua kwa muuzaji asiyemfahamu. Mtoto akacheua. Maziwa yakashuka mgongoni mwa mama yake, yakadondoka juu ya mawe ya shaba.

"Haya," alisema, akijinyoosha. "Ni kilo."

Bwana Gramu akachukua kitambaa, akaanza kufuta.